Tanzanaiti Haibadiliki kwa Taa, Hubadilika kwa Kugeuzwa: Mwongozo Kamili wa Kuikagua Nyumbani

Wiki haipiti bila mtu kunitumia video ileile. Kito kipo kiganjani, tochi ya simu inakimulika, kisha sauti inauliza kwa unyonge: "Mbona hakibadiliki rangi? Nimeuziwa chupa?" Mwingine hutuma kinyume chake. Anazima taa ya sebuleni, anawasha mshumaa, kito kinatoka kijani na kuwa chekundu, naye anashangilia kwamba amepata tanzanaiti ya bei poa.

Yule wa kwanza mara nyingi ana tanzanaiti halisi mkononi. Wa pili ana kitu kingine kabisa.

Wote wawili wamekosea jambo moja: wamecheza na taa wakati walipaswa kucheza na kito. Kuna vito vinavyobadilika ukibadili mwanga, na kuna vito vinavyobadilika ukivigeuza. Tanzanaiti ni ya kundi la pili. Ukiipata hiyo, hatua zote zilizobaki ni za mikono na subira tu.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Kito chenyewe, kikiwa huru. Kilichofungwa kwenye pete kinakaguliwa pia, lakini kwa taabu, nitalieleza mwishoni.
- Miwani ya jua ya polaroidi, yaani inayopitisha mwanga unaotikisika upande mmoja tu, yenye vioo vya kijivu. Vioo vya kahawia au vyenye mng'ao wa kioo cha kujitazama vitakupaka rangi zao.
- Lenzi ya sonara inayokuza mara kumi.
- Kibano chenye ncha za plastiki.
- Karatasi nyeupe mbili au tatu, na taulo.
- Bilauri ya kioo isiyo na rangi wala maua, maji safi, na chupa ndogo ya glisirini ya duka la dawa.
- Mshumaa, au glopu ya zamani yenye uzi kama bado unayo.
- Mizani ya kidijitali inayosoma hadi gramu 0.01, na uzi mwembamba. Hii ni kwa kito cha karati tano (gramu moja) na kuendelea. Chini ya hapo usijisumbue.

Kama una dikroskopu, kile kijibomba kinachoonyesha madirisha mawili ya rangi kwa pamoja, itumie badala ya miwani. Asiye nayo asihangaike kuinunua kwa ajili ya kito kimoja.

Hakikisha miwani yako ni polaroidi kweli. Nyingi zinazouzwa mitaani zina kibandiko tu. Itazame skrini ya simu au ya kompyuta ndogo kupitia kioo kimoja, kisha izungushe miwani taratibu hadi iwe wima. Skrini ikififia au kuwa nyeusi, miwani inafaa. Ikibaki vilevile, ni ya kuzuia jua tu.

Onyo kabla ya yote. Usikichome kito kwa kiberiti, usikikwaruze kwa msumari au msasa, na usikitumbukize kwenye mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti wala ya mvuke. Ugumu wa tanzanaiti ni kati ya 6 na 7 tu kwa kipimo cha Mohs, ambacho almasi ni 10, na ina upande mmoja ambao hupasukia kirahisi, kama gogo lenye nyuzi zilizonyooka linavyokubali shoka la kwanza. "Vipimo" vya vijiweni vimeua vito vingi vya kweli kuliko vya feki vilivyokamatwa.

## Hatua ya 1: Kisafishe

Tandika taulo ndani ya beseni ili kikiponyoka kisigonge. Tumia maji ya uvuguvugu, tone la sabuni ya maji na mswaki laini. Mafuta ya vidole huzuia mwanga kupita sawasawa, na hatua zote zinazofuata zinategemea mwanga unaopita ndani ya kito, si ule unaorudi usoni mwake.

Kausha kwa kitambaa kisichoacha nyuzi. Kuanzia hapa, shika kwa kibano.

## Hatua ya 2: Tafuta mwanga usio na ujanja

Kaa karibu na dirisha lisiloingiza jua moja kwa moja, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Jua la jioni lina wekundu mwingi. Taa nyingi za dukani zina ubuluu mwingi, na hazikuwekwa pale kwa bahati mbaya.

Angalia pia kilicho juu na pembeni yako. Kito changu cha kwanza nilikinunua chini ya turubai la buluu, lile la kawaida la kuzuia mvua. Kilikuwa buluu nzito ya bahari kuu. Nilijiona mjanja kwa bei niliyopata. Nilipofika nyumbani nikakifungua juu ya meza nyeupe, nikakuta kitu cha rangi ya maua ya mjakaranda yaliyokwisha kuanguka siku mbili. Muuzaji hakunidanganya kwa neno hata moja. Turubai lilifanya kazi yote.

Kwa hiyo: karatasi nyeupe chini, karatasi nyeupe nyuma, na usivae shati la rangi kali. Weka simu kando. Kamera ya simu hurekebisha rangi yenyewe kila mwanga unapobadilika, ndiyo maana siwezi kukuambia chochote cha maana kutokana na video yako, hata ukiituma mara tatu.

## Hatua ya 3: Kigeuze kwa macho matupu

Shika kito kwa kibano mbele ya karatasi iliyoegeshwa dirishani, ili mwanga upite ndani na kukufikia. Anza na uso mpana wa juu. Kisha kilaze ubavu, utazame kupitia kiunoni mwake, pale sehemu ya juu inapokutana na ya chini. Kisha kizungushe robo duara, bado kikiwa ubavu.

Fanya polepole. Katika tanzanaiti yenye rangi ya kutosha utaona kitu hiki: uso wa juu ni buluu, unapoanza kukilaza ubuluu unajikunja kwenye kona moja, na urujuani unaingia kutoka upande wa pili kama wino unaoenea kwenye maji. Hakuna mstari unaozitenganisha. Kuna kipindi kifupi ambapo huwezi kusema ni rangi gani, na hapo ndipo watu wengi huipenda tanzanaiti bila kujua kwa nini.

Sababu yake ni hii. Mwanga ukiingia katika fuwele hii hugawanyika kuwa miale miwili inayotikisika pande tofauti, na kila mmoja hupunguziwa rangi kivyake. Madini ya vanadiamu yaliyomo ndiyo yanayofanya kazi hiyo ya kupunguza. Njia ya mwanga ikibadilika, hesabu ya rangi inabadilika.

Usishangae ikiwa kito chako kinaonyesha urujuani juu na kuficha ubuluu ubavuni. Huo ulikuwa uamuzi wa mkataji. Mara nyingi umbo la jiwe ghafi linampa kito kikubwa zaidi akielekeza urujuani juu. Akitaka buluu itazame juu, lazima apoteze uzito. Hiyo ni sababu moja ya buluu safi kuuzwa ghali zaidi. Vyote viwili ni halisi.

Kosa la kawaida: kito kidogo, chini ya karati moja, huwa hafifu mno kuonyesha tofauti kwa macho matupu. Usikate tamaa hapa. Nenda hatua ya 4.

## Hatua ya 4: Kipimo cha polaroidi

Hiki ndicho kiini cha mwongozo huu, na ndipo wengi huharakisha.

1. Mimina glisirini katika bilauri, kina cha vidole viwili. Kishushe kito taratibu kwa kibano. Glisirini hupunguza mng'ao wa nyuso zilizokatwa, maana mng'ao huo huchanganya rangi zote kwa pamoja. Huna glisirini? Maji yatafaa, ingawa kwa ubora wa chini.

2. Weka karatasi nyeupe nyuma ya bilauri, upande wa dirisha. Usitumie skrini ya simu kama taa ya nyuma. Mwanga wake umekwisha kuchujwa tayari. Ukiongeza miwani utaona giza na rangi za upinde wa mvua zisizohusu kito chako. Usitumie anga la buluu pia, kwa sababu hiyohiyo.

3. Funga jicho moja. Weka kioo kimoja cha miwani mbele ya jicho lililo wazi, utazame kito.

4. Zungusha miwani, si kito. Kutoka mlalo hadi wima, polepole, kisha urudi. Fanya mara tano au sita.

Ukifanikiwa, kito kitapumua: miwani ikiwa mlalo kinaegemea buluu, ikiwa wima kinaegemea urujuani, au kinyume chake. Kito hakijasogea hata kidogo. Kilichobadilika ni ule mwale kati ya miwili ambao miwani imeuruhusu upite.

Sasa geuza kito kilale kwa ubavu, urudie yote. Kisha kigeuze robo duara kikiwa bado ubavu, urudie tena. Pande tatu, kila moja na mizunguko yake. Andika jozi ya rangi ya kila upande kwenye karatasi, usitegemee kumbukumbu.

Kwa nini tatu? Tanzanaiti ina njia mbili ndani yake ambazo mwanga ukizifuata haugawanyiki. Ukibahatika vibaya ukatazama kupitia njia mojawapo, miwani itazunguka na rangi haitatikisika, nawe utaondoka ukisema "chupa." Nimemwona mtu akirudisha kito kizuri kwa sababu ya upande mmoja tu.

## Hatua ya 5: Soma ulichoandika

Hakuna badiliko katika pande zote tatu. Si tanzanaiti. Inaweza kuwa kioo, zirkonia, spineli ya maabara, au garneti. Vitu hivi haviugawanyi mwanga, kwa hiyo havina rangi ya pili ya kuonyesha.

Buluu na urujuani. Dalili njema, na ndiyo hali ya tanzanaiti nyingi zilizoko sokoni. Lakini usifungue soda bado. Fosteraiti ya maabara hutoa buluu na zambarau yenye uwaridi, na yakuti ya buluu nayo ina rangi mbili. Hatua ya 7 na ya 8 zitawatenganisha.

Urujuani upande mmoja, na upande mwingine karibu haina rangi au ni njano ya majani makavu. Hiyo ni ayolaiti. Ni kito halali, kizuri, na cha bei ya chini sana kuliko tanzanaiti. Ukilaza ayolaiti ubavu inaweza kugeuka kama tone la maji, jambo ambalo tanzanaiti yenye rangi nzuri haifanyi.

Buluu, urujuani, na rangi ya tatu ya kahawia, kijani-njano au damu ya mzee. Hongera, umekutana na tanzanaiti ambayo haijapashwa moto, au haikupashwa ukatosha. Jiwe ghafi kutoka machimbo ya Mirerani kwa kawaida lina rangi hizo tatu. Likipashwa moto wa takriban nyuzi 500 hadi 600 za Selsiasi, ule ukahawia huondoka na buluu na urujuani hubaki. Ndiyo sababu vito vingi vya dukani vina rangi mbili tu za kuonyesha, na hilo si kasoro wala utapeli. Ni kazi ya kawaida ya biashara hii.

Ipo hadithi inayosimuliwa kwamba radi ilipiga nyika ya Wamasai, moto ukaunguza majani, na wachungaji waliporudi na ng'ombe wakakuta mawe ya kahawia yamegeuka buluu. Siwezi kuapa kwa ajili ya radi hiyo. Ila aliyeitunga hadithi alijua moto unafanya nini kwa jiwe hili.

## Hatua ya 6: Sasa ndiyo uwashe mshumaa

Funga mapazia, washa mshumaa, utazame kito kwa umbali wa hatua moja. Usikisogeze kwenye ndimi za moto. Joto la ghafla hukipasua.

Tanzanaiti itaegemea urujuani kidogo kuliko ilivyokuwa dirishani, maana mwanga wa mshumaa una wekundu mwingi na ubuluu mchache. Ni kuegemea tu, haihami kutoka familia yake.

Kito kikiruka kutoka kijani au buluu-kijani hadi wekundu au zambarau, umeshika kitu cha kundi lile jingine. Aleksandraiti hufanya hivyo, na Tanzania inayo, Manyara na Tunduru. Garneti za Bonde la Umba mkoani Tanga nazo zimo zinazobadilika hivyo. Zitenganishe kwa ulichoandika hatua ya 4: aleksandraiti hubadilika kwa taa na kwa kugeuzwa, garneti hubadilika kwa taa tu, na mbele ya polaroidi inakaa kimya kama jiwe la barabarani. Kuna pia vioo na mawe ya maabara yaliyotengenezwa kuiga mruko huo, kwa hiyo mwenye kito cha namna hii asiuze wala kununua kabla ya maabara.

## Hatua ya 7: Maji na lenzi

Rudisha kito kwenye bilauri, safari hii kwenye maji safi juu ya karatasi nyeupe. Kitazame kutoka juu bila miwani. Rangi inapaswa kujaa mwili mzima. Ikiwa imekusanyika kingoni kama utando, huku katikati pamefifia, shuku kwamba kimepakwa rangi kwa chini. Tanzanaiti hafifu zilizopakwa zimewahi kukamatwa sokoni.

Kitoe, kikaushe, chukua lenzi. Kagua kona za nyuso za chini. Upakaji huchubuka kwanza kwenye kona: utaona vijistari vyeupe au vidoa visivyo na rangi, wakati mwingine na mng'ao wa mafuta ya taa juu ya maji.

Kisha tazama kupitia uso wa juu hadi kwenye kona za nyuso za chini, ukiinamisha kito kidogo kidogo. Kona zikionekana mbilimbili waziwazi, kama maandishi unayosoma ukiwa na usingizi, hiyo ni fosteraiti. Huugawanya mwanga mara tatu au zaidi ya tanzanaiti. Katika tanzanaiti ndogo kona hubaki moja au hukaribia kuwa moja. Viputo vya duara ndani? Kioo, au jiwe la maabara. Hapo hakuna mjadala.

## Hatua ya 8: Uzito ndani ya maji

Pima kito kikavu. Tuseme mizani inasoma gramu 1.34, yaani karati 6.7.

Weka kikombe cha maji juu ya mizani, uirudishe kwenye sifuri. Funga kito kwa uzi, kishushe kizame chote bila kugusa chini wala ukuta wa kikombe. Gonga uzi kidogo kuondoa viputo vya hewa. Mizani itasoma uzito wa maji yaliyosukumwa, tuseme 0.40.

Gawa: 1.34 kwa 0.40 ni 3.35. Hapo ndipo tanzanaiti inapokaa. Ayolaiti ingekupa karibu 2.6, spineli ya maabara 3.6, yakuti 4.0, zirkonia zaidi ya 5.5. Fosteraiti ya maabara inakaribia mno, kati ya 3.2 na 3.3, kwa hiyo usiruke hatua ya 7 ukidhani mizani itakuokoa.

Mizani ikikosea kwa 0.01 tu, jibu la mfano wetu linacheza kati ya 3.27 na 3.44. Kwa kito cha karati mbili kosa hilohilo linaharibu hesabu nzima, ndiyo maana nilisema usijisumbue.

## Ukibaki na shaka

Kito cha pesa nyingi kipelekwe maabara hata kama kimefaulu hatua zote nane. Kwa walioko Tanzania, Kituo cha Jemolojia Tanzania (TGC) kipo Arusha. Nenda na ile karatasi uliyoandika jozi za rangi. Utajua cha kuuliza, na utaelewa utakachojibiwa.

## Kama kito kipo kwenye pete

Pete yenye mgongo wazi itakupa upande mmoja kamili na nusu ya upande mwingine. Fanya hatua ya 3 na 4 kupitia juu, kisha pitisha mwanga kiunoni kati ya meno yanayokishika. Hatua ya 8 haiwezekani. Pete iliyofungwa nyuma ni ya kutiliwa shaka zaidi, kwa kuwa karatasi ya rangi hufichwa huko chini.

Ukiamua kukitoa, mwambie fundi mapema kwamba ni tanzanaiti. Akunjue meno kwa mkono. Akishika tochi ya kulehemu kito kikiwa bado kwenye pete, chukua pete yako uondoke.